Aliyemeza Msumari Kabla ya Bima

Fundi sofa aliyeitwa Misumari alikuwa na miaka ishirini na sita, hana mke, hana mtoto, hana bosi na, kwa maelezo yake mwenyewe, hana ugonjwa. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Alikuwa akichota misumari midogo, ile ya kichwa bapa inayoshika kitambaa kwenye mbao, na kuitupia kinywani kama mtu anayetafuna karanga, kisha ulimi unaipanga wenyewe humo ndani. Msumari unachungulia katikati ya midomo, kichwa mbele, unanaswa na nyundo yenye sumaku, unapigwa pa, pa, na mwenzake ameshachungulia. Muda wote huo mkono wa kushoto umevuta kitambaa na haukiachii. Ndiyo sababu ya kutumia mdomo. Aliyebuni kazi hii alikuwa na mikono miwili kama sisi, na kazi inataka mitatu.

Watu walisimama kumtazama. Wengine walileta viti vizima kabisa, wakisingizia vimelegea miguu, ili tu waone. Naye alijua anatazamwa, basi akiwa na hadhira alizidisha mbwembwe, anajaza mdomo mpaka mashavu yanatuna. Ujana una raha yake, tusimnyime.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja na baraza. Barazani walikaa wawili: yeye, na seremala wa makamo aliyeitwa Randa, aliyekuwa anaunda fremu. Chumbani, karibu na dirisha, alikaa dada yake Misumari na cheherani yake, akishona makava ya sofa na foronya za mito. Huyu dada alimpita kwa miaka kumi na mmoja. Wazazi walipoondoka, mmoja baada ya mwingine, ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka alipofika, na shule ilipomshinda akamtafutia kazi ya mkono. Cheherani ile haikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Ilikuwa ya umeme, ya kiwandani, inashona ngozi kama inashona leso. Alijinyima miaka mingi kuipata, na mtu akiweka kikombe cha chai juu ya meza yake alifukuzwa pamoja na kikombe chake.

Karakana ilikuwa na sheria moja tu. Nyundo ikilia, Misumari asiulizwe kitu. Ikinyamaza, uliza.

Wakala wa bima alikuja kwa ajili ya kiti cha ofisini kilichochanika. Alikuwa binti mdogo, viatu vimejaa vumbi, na begi zito begani. Alipomwona fundi ametoa msumari mdomoni, begi lilimteleza.

"Kaka! Hiyo si misumari?"

Misumari aliinua kidole kimoja kumwambia asubiri. Akamaliza iliyobaki mdomoni, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, ndipo akasema, "Ndiyo, madamu. Karibu."

"Una bima ya afya?"

"Ya nini?"

"Ya afya. Ukiumwa, unatibiwa, hulipi pale."

"Mimi siumwi."

"Hata mafua?"

"Mafua yakija yananikuta kazini, yanaona aibu, yanaondoka."

Randa alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Wakala naye alicheka, maana alikuwa na moyo mwepesi, lakini hakuondoka. Alieleza ada ya mwaka, alieleza hospitali zinazopokea kadi, akaacha namba yake ya simu. Misumari alisikiliza kwa heshima. Alipotajiwa ada, akilini mwake haikuingia kama ada. Iliingia kama nusu ya kompresa.

Hapa naomba msimcheke, kwa sababu hesabu yake ilikuwa na kichwa na miguu. Kulikuwa na duka la vifaa alilolipita kila asubuhi, na ndani kulikuwa na kompresa nyekundu, mashine ya kusukuma upepo, na bunduki yake ya pini. Unavuta kitambaa, unabonyeza, pini imeingia. Sofa inayokula siku tatu inamalizika kwa siku moja. Akiba yake ilikuwa imebakiza kidogo kufika. Anunue kompresa kwanza, apate kazi maradufu, halafu bima atalipa akiwa anachekelea. Ukimpa mtu wa miaka ishirini na sita, mwenye mwili usiojua homa, achague kati ya mashine inayozalisha leo na karatasi ya ugonjwa ambao haupo, atachagua nini? Mimi ningechagua kompresa, tena bila kuomba ushauri.

Dada yake hakuona hivyo. "Lipa," alisema, bila kuinua macho kwenye mshono.

"Dada, nikilipa hiyo, kompresa inasogea mbele mwaka mzima."

"Isogee."

"Wewe mwenyewe unayo?"

"Sina."

"Basi, unaona?"

Dada alikata uzi kwa meno, akaanza mshono mwingine. Misumari akahesabu hilo kuwa ushindi.

Wiki iliyofuata walikuwa na seti kubwa ya mteja mmoja mwenye haraka. Misumari alikuwa kwenye kona ya mkono wa kiti. Kona ni sehemu ngumu, kitambaa lazima kikunjwe vizuri kama bahasha kabla ya kupigwa. Mdomo umejaa, vidole vinakunja, nyundo imetulia juu ya goti. Chumbani, dada alisikia nyundo imenyamaza. Akafuata sheria.

"Mto wa tatu nauwekea zipu au vifungo?"

"Zipu," akajibu Misumari.

Alijua kabla hajamaliza kulitamka. Kitu chembamba, cha baridi, kiliteleza nyuma ya ulimi, kikakwaruza koo, kikaenda. Alitema iliyobaki kiganjani. Akapitisha nyundo ya sumaku sakafuni, chini ya kiti, ndani ya pindo la suruali, mpaka kwenye soksi. Iliokota misumari ya wiki nzima, lakini ule alioutafuta, uliolowa mate, haukuwemo.

"Umesema zipu?" dada aliita tena.

"Zipu, dada," alisema, akapitisha nyundo sakafuni mara nyingine.

Hakumwambia. Msidhani ni ubishi. Angemwambia, ingebidi amwambie pia ni saa ngapi na kwa nini, na dada angejua ni swali lake lililousukuma ule msumari. Huyu mwanamke alikuwa ameshabeba mengi. Hakutaka kumbebesha na hilo.

Alimwambia Randa. Randa aliweka penseli sikioni na kufikiri kama daktari.

"Kula ndizi mbivu. Nyingi. Na mkate. Unaufunga humo kama unavyofunga glasi kwa magazeti, halafu unashuka wenyewe."

Alikula ndizi mpaka akazichukia. Siku iliyofuata, asubuhi, alipoinama kuchukua sponji, kitu kilimchoma chini ya mbavu. Alinyooka polepole. Akainama tena kujaribu. Kikamchoma tena. Na hapo yule kijana ambaye mafua yalimwonea aibu alishikwa na woga wa kweli, woga wa tumboni hasa, mahali msumari ulipokuwa. Alikaa chini taratibu kama mzee, akatafuta namba ya wakala.

"Madamu, nauliza kwa niaba ya rafiki yangu."

"Enhe."

"Rafiki yangu akilipa bima leo, anaweza kutibiwa leo?"

"Magonjwa ya kawaida anangoja kwanza, ndiyo utaratibu kwa mwanachama mpya. Ajali tu ndiyo inahudumiwa tangu siku ya malipo. Rafiki yako ana nini?"

"Hana kitu. Amemeza msumari."

"Rafiki yako ni fundi sofa?"

"Ni jirani wa fundi sofa."

"Mwambie huyo jirani aende hospitali kwanza, ndipo anipigie mimi," alisema wakala, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Aende sasa hivi, fundi."

Lakini Misumari alikuwa ameshikilia neno moja tu katika yote hayo. Ajali. Alimweleza Randa, na Randa akapiga paja kwa furaha.

"Imekwisha hiyo! Lipa leo, umeze kesho."

"Nimemeza jana, kaka Randa."

"Nani anajua? Msumari una tarehe? Leo unalipa, kesho asubuhi unapiga kelele hapa barazani, mimi nakuja mbio, watu wanajaa, umemeza. Kinachotakiwa ni shahidi. Mimi wataniona muhuni. Tafuta mtu anayeheshimika."

Mtu aliyeheshimika katika karakana ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa anashona. Misumari aliingia chumbani, akasimama kando ya meza, akaanza mbali sana: kwamba maisha yana mambo, kwamba kampuni za bima zina pesa nyingi, kwamba kuna uongo mdogo usiomuumiza mtu. Dada alimwacha azunguke. Alipofika kwenye msumari, cheherani ilinyamaza.

"Umemeza nini?"

"Msumari. Mdogo lakini."

"Lini?"

Alitazama dirishani. "Jana."

"Saa ngapi jana?"

"Dada, saa haina maana, cha maana ni kwamba kesho..."

"Nilipokuuliza zipu," alisema dada.

Hakuwa anauliza. Alikuwa ameshaona yote: nyundo iliyonyamaza, sauti ya zipu iliyotoka nzito, ndizi, jinsi alivyokaa chini asubuhi. Mikono yake ilibaki juu ya kitambaa, imetulia kabisa, na Misumari alitamani amtukane. Badala yake dada alichomoa waya wa cheherani ukutani, akajitupia mtandio, akamshika mdogo wake mkono juu ya kiwiko, pale pale alipokuwa anamshika akiwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Unataka ulale na chuma tumboni usiku mzima ili tarehe ikae vizuri?" alimwuliza walipokuwa tayari barabarani. "Una akili wewe?"

Hospitalini walikaa kwenye benchi la mbao, na hata pale Misumari hakuacha kulikagua: halikuwa na sponji na misumari yake ilikuwa imeota kutu. Malipo ya kumwona daktari na ya picha ya eksirei aliyatoa kwenye akiba ya kompresa. Daktari alikuwa kijana wa rika lake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimbonyeza tumbo, akasema bila kuzunguka kwamba yategemea msumari uko wapi. Kama umeshapita tumbo, huenda ukatoka wenyewe. Kama umekwama au umechoma ukuta, itabidi aingizwe mpira wa kuutoa, na ikishindikana, apasuliwe. Dada akauliza kupasuliwa ni kiasi gani. Daktari akamtajia. Dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya.

Misumari alipotoka kwenye chumba cha picha, anafunga vifungo vya shati, dada hakuwepo kwenye benchi. Alimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa kwenye kona ya ngazi, amegeukia ukuta, simu sikioni.

"Ile cheherani uliyokuwa unaniulizia, bado unaitaka? ... Ndiyo, na meza yake. ... Bei ile ile uliyosema wewe. ... Hapana, sibishani. Njoo leo jioni na pesa mkononi."

Huyu ndiye mwanamke ambaye alikuwa anaweza kubishania bei ya kigurudumu cha uzi mpaka mwenye duka afunge duka. Sibishani. Misumari alisikia neno hilo likimwingia kuliko msumari.

"Dada, majibu hayajatoka hata."

Aligeuka. Hakushtuka wala hakuona haya kukutwa. "Yakitoka ndiyo nianze kutafuta mnunuzi?"

"Utashona na nini?"

"Nitashona kwa mkono. Nitashonea watu. Sijui. Kwani ni mara ya kwanza kuanza upya?" Alimtazama, na hasira iliyokuwa imemkosa tangu asubuhi ikaja yote kwa pamoja, pamoja na machozi, jambo lililomuudhi zaidi. "Unatembea mtaani unajisifu huna bima na huumwi. Nani kakwambia huna? Bima yako ipo pale dirishani, inashona foronya. Siku zote ipo. Ndiyo maana nawafukuza watu na vikombe vyao!"

Watu kwenye benchi waligeuza shingo, wakazirudisha kwa adabu. Misumari alimalizia vifungo vya shati, akamfuata dada yake kwenye benchi.

Majibu yalikuwa mazuri. Kwenye picha msumari ulionekana wazi, mweupe, na kichwa chake bapa, na Misumari akautambua kama mtu anavyomtambua mfanyakazi wake. Ulikuwa umeshapita tumbo, unashuka. Daktari alisema ale chakula, akae, arudi kupigwa picha nyingine, na akiona damu au maumivu yakizidi aje mbio bila kuuliza mtu. Dada alimpigia mnunuzi wa cheherani kumwambia hauzi tena, naye alikuwa ameshapanda gari na pesa mfukoni. Dada alitukanwa vya kutosha. Alisikiliza yote, akasema asante, akakata.

Msumari ulitoka salama siku chache baadaye, kwa njia inayojulikana. Maelezo zaidi hayana faida kwa msomaji, ingawa Randa aliyataka.

Sasa, mngetegemea kwamba kijana alikimbilia bima siku hiyo hiyo. Wala. Tumbo likipona, kichwa nacho hurudi kwenye biashara zake. Jumamosi alikuwa ndani ya duka la vifaa. Muuzaji aliwasha ile kompresa nyekundu, ikanguruma, ikajaza upepo, akampa bunduki na kipande cha ubao. Misumari akabonyeza. Ta! Ta! Ta! Pini ziliingia zimenyooka. Na hapo akapata hoja nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Kwa mashine hii hatatia tena msumari mdomoni. Hatatia, hatameza. Asipomeza, bima ya nini? Kompresa ndiyo bima yenyewe, tena inazalisha. Hata dada hataweza kuipinga.

Alisimama na bunduki mkononi, anaitafuta kasoro hoja ile, haina. Kwa msumari haikuwa na kasoro. Ila akili ilimrudisha barabarani, siku waliyokwenda hospitali, pikipiki zikiwapita ubavuni. Ikampitisha kwenye benchi lile, watu wa rika lake walivyokaa, huyu mkono umevimba, yule anatetemeka homa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi sofa. Kitu chochote kati ya hivyo kingeweza kumjia keshokutwa. Angelala kitandani, na mtu mmoja angesimama kwenye kona ya ngazi, amegeukia ukuta, aseme sibishani. Alikuwa anajiona jasiri kwa kucheza kamari na mwili wake. Kumbe mezani kulikuwa na cheherani ya mtu.

"Nusu leo, iliyobaki mwisho wa mwezi. Nakufungia?" aliuliza muuzaji.

"Hapana," alisema Misumari, na ilimuuma kweli kusema hivyo. "Usifunge."

Alimpigia wakala akiwa bado mlangoni mwa duka.

"Jirani wa fundi sofa anaendeleaje?" aliuliza wakala.

"Amepona. Anataka kulipa."

Alimwambia dada yake wakati wa chakula cha mchana, wamekaa kwenye sofa ambayo haijavikwa kitambaa, sahani magotini. Hakuandaa hotuba. Alimwonyesha tu ujumbe kwenye simu. Dada alifuta vidole, akausoma mara mbili, akairudisha simu.

"Na kompresa?"

"Itangoja. Na mwakani, nikipata, kabla ya kompresa nakuandikisha wewe."

Dada hakumsifu, hakumkumbatia, hawakuwa watu wa mambo hayo. Alikaa anatazama sahani, na mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo na bado haamini kwamba hatarudishiwa kichwani.

"Basi Jumatatu asubuhi sitakuwepo," alisema. "Nakwenda kung'oa jino."

"Jino gani?"

"Hili la huku nyuma."

"Limeanza lini kuuma?"

"Mwaka juzi."

Misumari aliweka kijiko chini. "Mwaka juzi! Sasa hukwenda kwa nini? Pesa ulikosa?"

"Pesa ipo. Niliiweka." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kuulizia zipu na vifungo. "Ila kila nikitaka kwenda najiambia, nikiitumia kwenye jino, halafu huyu akaanguka wiki hiyo hiyo, nitafanyaje? Naacha."

Akaendelea kula. Misumari alimtazama. Alikuwa amekula naye kila mchana miaka yote hiyo, wamekaa hivi hivi, goti kwa goti, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona kwamba dada yake anatafuna upande mmoja.